Radjabu kwenye Televisheni ya Wakorea

Mimi sina ugomvi na Wakorea. Nataka tu waniambie ni nani aliyewaita waje kukaa ukutani kwangu, hapa Shituru, mjini Likasi, kutwa nzima wakicheza michezo ya kompyuta. Jirani zangu wana televisheni za mpira, za mahubiri, za nyimbo. Sisi tulikuwa na vijana wenye visikilizio masikioni, wamekaa kwenye viti vikubwa, macho makavu, vidole havitulii, na watangazaji wawili wanaopiga kelele utadhani nyumba inaungua. Ukumbini kwao watu maelfu wanashangilia. Wanashangilia nini? Mtu kakaa, anabofya. Miezi saba nilikula, nilishona na nilisali na kelele zile.

Lawama nampa Dodo, fundi wa mtaa wetu wa parabole, yale madishi ya televisheni. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ilipeperusha parabole yetu, mama mkwe wangu akamwita aiweke sawa. Akapanda juu ya bati, akazungusha, akatafuta, na badala ya kituo cha filamu tulichozoea kikaja hicho cha Wakorea, cha mashindano yao asubuhi mpaka jioni. Akasema imeinama vibaya, atarudi kesho na kipimo chake. Kesho alipokuja alifukuzwa langoni. Jioni ya jana yake mama mkwe wangu alikuwa amemwona Radjabu.

Radjabu ni mume wangu. Aliondoka Likasi miaka sita iliyopita, Mwavita wetu akiwa na miaka minne. Alikwenda kwanza China kutafuta vipuri vya simu, mambo hayakumnyookea, akavuka kwenda Korea akapata kazi kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. Ijumaa moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Wenzake tuliowatafuta, mmoja alisema amehama mji, mwingine alisema amekamatwa, wa tatu alisikia jina lake akakata simu. Hakuna barua, hakuna maiti, hakuna kitu. Kwanza nilingoja kwa wiki, halafu kwa miezi, mwishoni nikaacha kuhesabu.

Lakini wazee walikuwa wanahesabu. Sisi ni Waislamu wa asili ya Kasongo, mambo kama haya yana watu wake. Baba mkubwa Amisi, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, alikaa na imamu, wakasema miaka minne ya kumngoja mtu aliyepotea imetimia na kupita. Fatou, ndiye mimi, akae eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, akitoka hapo yuko huru. Wakapanga siku. Na mimi sitajifanya malaika: nilitaka. Nina miaka thelathini na nne. Kuna mtu anaitwa Ibrahim, dereva wa lori la kwenda Lubumbashi, mjane, mpole, maneno yake ya mwezi mzima yanaenea kwenye kiganja. Alikuwa ameshamtuma shangazi yake aje kunisikiliza, nami sikumfukuza shangazi.

Zilibaki siku tatu nianze eda. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule, nikasikia Mama Kibibi, mama mkwe wangu, anapiga ukelele ndani. Nikakimbia na futi ya kupimia shingoni. Nilimkuta amesimama, kidole kwenye kioo cha televisheni, na kwenye kioo ni vijana wa Kikorea tu wanabofya. Alisema amemwona mwanawe. Alikuwa kati ya watazamaji, kwenye ukumbi mkubwa, amenyanyua kibao cha maandishi, anacheka. Nilimkalisha, nikampa maji. Nilidhani uchungu umempanda kichwani.

Kesho yake aliapa kwa Msahafu mbele ya Baba mkubwa Amisi na imamu kwamba alimwona Radjabu kwa macho yake mawili. Mama Kibibi si mtu wa kuapa ovyo, Likasi nzima inajua. Imamu akasema mke ambaye mumewe ameonekana hai hawezi kukalishwa eda, akafunga kitabu. Hakuna aliyeuliza picha ile ni ya lini. Sisi mashindano tunayoyajua ni mpira, na mpira ukipigiwa kelele namna ile ni kwamba unachezwa sasa hivi, na anayekaa uwanjani yuko uwanjani. Shituru ikajaa mlangoni kutupongeza.

Wiki ya kwanza nilifurahi, ndiyo, nilifurahi mpaka nikafua mapazia. Wiki ya pili hasira ilianza. Mtu yuko hai. Mtu ana mashavu, ana meno ya kucheka, ana nafasi ya kwenda kukaa ukumbini kutazama watoto wakibofya, na hana nafasi ya kumpigia binti yake simu? Nilimtukana Radjabu wakati wa kushona, wakati wa kupika, wakati wa kusonga bugali. Nilimwita majina ambayo hata punda hayamstahili. Na niliapa mwenyewe kwamba sitaitazama ile televisheni hata kwa jicho moja. Akitaka kuniona, namba yangu anayo.

Mama Kibibi yeye hakubanduka. Alizuia kamba ya nguo isipite karibu na parabole. Watoto walikatazwa kurusha mpira uani. Umeme wetu wa bwawa la Koni ukikatika, alibaki kwenye kiti chake akitazama kioo cheusi, kwa sababu ukirudi ghafla anaweza kupitwa. Na baada ya wiki mbili tatu alikuwa anatoka barazani na kutangaza kwamba amemwona tena. Jirani wakasema Radjabu amekuwa mshabiki mkubwa kule, hakosi shindano. Mimi nilizidi kuuma meno.

Mwezi wa saba shangazi yake Ibrahim alikuja. Alikaa, akasifu chai, akasema kwa upole kwamba Ibrahim ana watoto wawili wasio na mama, amengoja, amengoja tena, na mwisho wa mwezi atatazama upande mwingine. Hakunilaumu. Nilimsindikiza hadi njia ya reli nikarudi kushona, na sare ile niliishona mikono miwili ya kushoto.

Ijumaa iliyofuata baridi ya asubuhi ilikuwa kali barazani, nikaingiza cherehani sebuleni, mgongo nimeupa televisheni kama kawaida yangu. Mama Kibibi alikuwa uani anachukua udhu. Mwavita, likizo yake, alikuwa amelala kifudifudi mkekani anachora. Bila kunyanyua kichwa akasema, “Sasa atamwaga maji.” Ukumbi wote wa Wakorea ukaangua kicheko nyuma yangu. Nikageuka: kijana mmoja alikuwa anafuta meza kwa mkono wa shati, chupa imelala. Mtoto akasema tena, sasa mwenzake atashinda, halafu huyu atalia. Mwenzake akashinda. Huyu akalia.

Nilimwuliza amejuaje. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mzazi wake. Alisema hiki kituo kinarudilia mambo yake, na hili shindano hulitoa mara kwa mara, likitoka Ijumaa asubuhi basi hutoka tena Jumapili baada ya chakula. Yeye anayajua yote kwa moyo. Kisha akanishika gauni. “Ngoja, Mama. Wakiinua kikombe, Baba anapita.”

Waliinua kikombe. Kamera ikaruka kwenda kwa watazamaji, sura juu ya sura, vibao, taa za rangi, na katikati yao akapita mume wangu.

Alikuwa yeye. Mdomo wazi, amenyanyua kibao kwa mikono miwili, anacheka kicheko chake cha kufumba macho. Labda ni sekunde mbili. Nilisahau matusi yote. Lakini mimi ni mshonaji, na jicho la mshonaji halina adabu, linakwenda kwenye nguo kabla ya mtu. Alikuwa amevaa jaketi la kazi la bluu, na kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na kiraka cha njano chenye ndege wekundu. Kiraka kile nilikikata kwenye kikwembe, kitenge cha harusi yangu. Nilikibandika mimi, wiki aliyosafiri.

Na lile jaketi lilikuwa limerudi nyumbani.

Lilikuwa la baba yake, alilolivaa kiwandani hapa Shituru mpaka anakufa. Radjabu aliondoka nalo kwa ubishi, mama yake akamdai kwenye simu kila wiki, na mwisho alilituma kwenye sanduku la mfanyabiashara mmoja wa Likasi, pamoja na viatu vya Mwavita. Wiki sita baada ya sanduku kufika ndipo simu zilipokoma. Nililifua mwenyewe, nikalikunja, nikaliweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Kwa hiyo mtu niliyemwona akicheka ni Radjabu wa kabla ya kimya. Kelele zile zote zilikuwa za zamani.

Hapo ndipo nikakumbuka. Ijumaa moja, mwaka ule, aliniambia kwenye simu kwamba wenzake wa kiwandani walimpeleka kutazama watu wanaoshindana kucheza kompyuta, na kwamba kule ukumbini kulitokea jambo la kuchekesha sana. Akaanza kunisimulia. Mimi nilimkatiza nimweleze habari ya jino la Mwavita lililong'oka, halafu simu ikaisha chaji.

Nilikwenda chumbani kwa mama, nikavuta sanduku la bati. Vikwembe vyake, sanda yake aliyojiwekea, picha za zamani. Jaketi hakuna. Nilipekua kabati, nikapekua magunia. Nilipoketi kitandani kupumua, mkono wangu ukaangukia mto, na mto ule ulikuwa mzito. Nikafungua foronya. Jaketi lilikuwa humo, limekunjwa vizuri, kiraka kimegeuzwa ndani.

Mama Kibibi alikuwa mlangoni. Maji ya udhu yalikuwa yanamtiririka kwenye viwiko. Alinitazama, akatazama jaketi mapajani mwangu, asishtuke. Nilimwuliza alijua lini.

“Siku ya kwanza,” alisema. “Ile jaketi niliifua miaka makumi mbili, Mama Mwavita. Unafikiri sitaijua?”

Nikamwambia aliapa kwa Msahafu. Akajibu taratibu kwamba aliapa amemwona mwanawe, na mwanawe alimwona. Hakuapa ni lini, na hakuna aliyemwuliza. Nilitaka kupiga kelele. Miezi saba ya maisha yangu alikuwa ameilalia kila usiku. Akaja akaketi kando yangu, kitanda kikainama, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokonda.

“Weye utaolewa,” alisema. “Mutoto utaenda naye. Minye nitabakia na nani humu ndani?”

Nilikaribia kumwambia nitakuja kumsalimia siku za Idi, nikaona aibu. Aliniomba nirudishe jaketi kwenye foronya, nikalirudisha, nikavuta shuka juu yake kama anavyopenda. Kisha nikaenda barazani, nikampigia Baba mkubwa Amisi, nikamwomba aje Jumapili saa nane na imamu na mashangazi, wamwone Radjabu kwa macho yao. Mama alinisikia. Baadaye alinishika mkono jikoni, akaubana kwa nguvu. Alidhani nimekubali kungoja naye. Na mimi nilimwacha adhani hivyo, Mungu anisamehe.

Jumapili alivaa kikwembe chake kipya. Alipanga viti mwenyewe, akapangusa kioo cha televisheni kwa ncha ya mtandio. Nilikaanga mikate tangu asubuhi na kila mara nikiangalia taa ya friji, na sijui kama nilikuwa naomba umeme ubaki au naomba Koni watukate mpaka kesho. Umeme ulibaki. Wazee waliingia, wakavua viatu, wakaketi. Imamu hakuwa amewahi kuona kituo kile, akauliza hawa vijana wanasomea nini. Mwavita alimweleza timu zote, nyekundu na nyeupe, mpaka imamu akachoka kutikisa kichwa.

Nikiwa jikoni nilisikia kijana wa kwenye televisheni akimwaga maji. Nilisikia kicheko cha ukumbi. Nilikuwa nimeshalitoa jaketi kwenye foronya mama alipokuwa anapanga viti, na sasa nililivaa juu ya gauni langu, mikono ikanifunika vidole. Lilinuka sabuni na jasho la kichwa cha mama. Nikaikunja mikono mara moja, nikanyanyua sinia la chai, nikangoja mlangoni.

Kikombe kikainuliwa. Radjabu akapita akicheka. Baba mkubwa Amisi, mtu mzito asiyenyanyuka bila kushikwa, alisimama peke yake akamshukuru Mungu kwa sauti, na mashangazi wakashikana. Hapo nikaingia na chai.

Mwavita ndiye aliyegeuka kwanza. “Mama,” alisema, “mbona umevaa jaketi ya Baba?”

Wakanitazama wote. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa televisheni, sinia mikononi, kiwiko cha kushoto upande wao. Sikuhitaji kueleza sana. Baba mkubwa alitazama kiraka, akatazama kioo ambako sasa walikuwa wanapeana mikono, akatazama kiraka tena, na akarudi kukaa polepole. Imamu aliniuliza nguo hii iliingia lini katika nyumba hii. Nikamwambia: ililetwa na mtu, kwenye sanduku, wiki sita kabla ya Radjabu kunyamaza, na haijatoka tena. Alivuta ndevu zake. Kisha akasema kwamba basi tulichokiona ni cha kabla ya sanduku, na eda inaanza leo.

Mama Kibibi akanyanyuka. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige. Alichukua sinia mikononi mwangu akaliweka chini. Kwa haraka yangu nilikuwa nimekosea vifungo, kimoja juu, kimoja chini. Alivifungua akavifunga upya, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, halafu akaweka kiganja chake kwenye kifua cha jaketi na kukiacha hapo.

Baadaye alikwenda akazima televisheni. Nyumba ilinyamaza, nikasikia kwa mara ya kwanza tangu mvua zile saa ya ukutani inavyokwenda. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini sakafuni na nywele zake nyeupe, akamwita mwanawe kwa jina lake na jina la baba yake, kwa sauti ile ambayo haitumiki kumwita mtu aliye hai. Mashangazi wakampokea. Baba mkubwa akaanza kutoa viti nje. Langoni jirani walikuwa wameshaanza kufika, na mmoja akawa anamwuliza mwingine ni nani amekufa.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeshinda. Miezi minne na siku kumi, halafu Ibrahim, kama bado atakuwepo, nyumba yenye kituo cha mpira, maisha. Nilitafuta furaha yangu nikaikosa. Nikatafuta hasira angalau, ile iliyonisimamisha miezi saba, nayo haikuwepo, kwa sababu niliyekuwa namtukana hayupo. Hakukuwa na mwanamume mwenye mashavu aliyekataa kunipigia simu. Kulikuwa na mtu aliyekufa peke yake, sijui wapi, sijui kwa nini, sijui kama kuna aliyemfumba macho, na mimi nilimtukana akiwa huko. Nikakaa karibu na mama mkwe wangu. Aliweka mkono wake kwenye kiraka.

Ninajua sasa jambo la kuchekesha lililotokea ukumbini. Kijana alimwaga maji. Mwavita amenionyesha, nimeliona kwa macho yangu, kumbe lilichekesha kweli. Lakini Radjabu alitaka kunisimulia yeye mwenyewe. Nikafunika uso wangu kwa mikono mirefu ya jaketi nikamwambia humo ndani, kwa sauti ndogo asisikie mtu, Baba Mwavita, niwie radhi nilikukatiza, haya endelea, ulikuwa unasema nini?